Wosia huandikiwa mtu atakayebaki na kazi

Wosia ukitajwa, swali la kwanza kwa watu wengi huwa ni nani atapata nini. Mimi nauangalia kwa upande mwingine, kwa sababu mama mkubwa alinitaja kuwa wasii wake, yaani mtu wa kusimamia mirathi na kutekeleza aliyoyaagiza. Katika kazi yote ile, kugawa ndiko kulikochukua muda mfupi kuliko kitu kingine. Mali ya familia ya kawaida ni nyumba au kiwanja, akiba, bima, pengine pensheni, vyombo vya ndani na madeni. Hesabu yake haimshindi mtu. Kinachochosha ni kujua kuna nini, kiko wapi, kimeandikwa kwa jina la nani, na nani ana haki ya kwenda kuuliza. Ndiyo maana ndugu au rafiki akiniomba ushauri, humwambia aandike wosia huku akimfikiria mtu mmoja tu: yule ambaye msiba ukiisha ataanza kuzunguka na makaratasi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia mirathi ya baba, ambaye hakuacha wosia. Baba alikuwa mtu makini. Aliamini tu kwamba mali yake ni ndogo na watoto wake wanapendana, na yote mawili yalikuwa kweli. Lakini mtu akifa bila wosia, sheria ya nchi ndiyo inayompangia warithi: mwenzi, watoto, wazazi, ndugu, kwa mafungu yaliyokwisha kuamuliwa. Sheria hiyo inasoma vyeti. Mara nyingi haimtambui mtoto aliyelelewa bila kuasiliwa kisheria, wala mwenzi mlioishi naye miaka bila ndoa, wala mpwa aliyekuuguza usiku na mchana.

Kwetu aliyeumia ni kaka yetu wa kulelewa. Baba alimchukua akiwa mdogo sana, akamsomesha, akamwita mwanangu mbele ya watu wote. Kwenye fomu za mahakama hakuwa na nafasi. Sisi wengine tulikubaliana kumkatia sehemu kutoka kwenye mafungu yetu, ila hilo lilihitaji kila mmoja aridhie kwa hiari, na mmoja wetu alisita kwa muda mrefu. Muda wote huo kaka alikuja vikaoni, akakaa, akasikiliza, akisubiri huruma ya watu aliokua nao chumba kimoja. Baba angeyamaliza hayo kwa sentensi moja. Jambo hili bado linaniuma kuliko hasara yoyote ya fedha tuliyoipata katika mirathi ile.

Halafu hatukuwa na msimamizi. Pasipo wosia, mtu wa familia huomba mahakamani ateuliwe, na wenzake wanaweza kumpinga. Kikao cha kumchagua kilikuwa kigumu kuliko kikao cha kugawa, maana kilifufua maswali ya zamani ya nani mkubwa, nani anaaminika na nani alikuwa karibu na mzee. Na mpaka msimamizi apatikane, akaunti ya marehemu haiguswi, kiwanja hakiuzwi, mpangaji hajui amlipe nani.

Mama mkubwa aliyaona yote hayo, maana alihudhuria vikao vyetu. Hakusema kitu. Baadaye akaniita, akanieleza kwamba ameandika wosia na amenichagua mimi badala ya mmoja wa wanawe. "Wewe hugombani na mtu, na kila kitu unakiandika," aliniambia. "Lakini kama hutaki, sema sasa, mwanangu, nitafute mwingine." Nilikubali. Nimekuja kuona thamani ya kule kuuliza. Mtu aliyetajwa kuwa wasii halazimiki kuipokea kazi. Anaweza kuikataa, mradi hajaanza kushika mali ya marehemu. Wapo wanaogundua siku wosia unaposomwa kwamba wametwishwa mzigo, wanakataa, na familia inarudi kule kule kwenye kuomba mahakamani. Yeye pia alimtaja wasii wa pili, endapo mimi ningetangulia au kushindwa.

Wosia wenyewe ulikuwa kurasa chache alizoandaliwa na wakili. Kilichoniokoa zaidi ni daftari alilokuwa nalo pembeni. Daftari hilo halikuwa na nguvu ya kisheria, naye aliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza ili mtu asilichanganye na wosia. Ndani aliorodhesha akaunti zake na matawi ya benki, namba ya mkataba wa bima, mahali ilipo hati ya kiwanja, malipo yanayokatwa kila mwezi, na watu wa kupigiwa simu. Kulikuwa na ukurasa wa madeni, anayodai na anayodaiwa. Jirani mmoja alikuwa amekopa fedha kwake kwa maandishi, na hati ya mkopo ilikuwa bado kwenye faili. Ndani ya daftari, mbele ya jina lake, mama mkubwa alikuwa ameandika "amemaliza", na tarehe. Bila neno hilo ningekwenda kumdai mtu aliyekwisha kulipa, tena katika siku alizokuwa akituletea viti vya msiba.

Watu huniuliza kwa nini orodha ile asiiweke ndani ya wosia. Sababu ya kwanza ni kwamba orodha hubadilika kila mara, na wosia hauguswi kalamu bila mashahidi. Ya pili ni siri. Huko Uingereza, kwa mfano, wosia ukishathibitishwa na mahakama mtu yeyote anaweza kuomba nakala yake akaisoma. Namba za akaunti na nywila hazina kazi mle.

Kuhusu mambo ya mtandaoni, mama mkubwa hakuwa na mengi, ila simu yake ilikuwa na uzito kuliko nilivyotarajia. Namba za uthibitisho za huduma nyingi zilitumwa kwenye laini yake, kwa hiyo kuwahi kuifunga laini ni kujifungia mlango. Leo zipo njia rasmi za kupanga hili mapema. Tangu 2013 Google inamruhusu mtu kuchagua nani ataarifiwa na nani atapewa data zake akaunti ikikaa kimya kwa muda alioupanga mwenyewe, na Apple iliongeza utaratibu wa kumteua mtu wa kurithi akaunti mwishoni mwa 2021. Kuna picha za familia ambazo siku hizi hazipo mahali pengine popote.

Suala la wosia uko wapi linaonekana dogo hadi likufike. Mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin alipofariki mwaka 2018, familia iliamini hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoziandika kwa mkono, nyingine kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo na nyingine kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Wanawe walibishana ni ipi itumike, na ni Julai 2023 ambapo baraza la wazee wa mahakama huko Michigan liliamua kwamba maandishi ya 2014, yale ya kwenye kochi, ni wosia halali. Yule alikuwa tajiri na maarufu, lakini ugomvi wa karatasi mbili zisizofanana unaweza kutokea kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Mama mkubwa aliuacha wosia halisi kwa wakili, akanipa nakala yenye maelezo ya mahali halisi ulipo. Neno "halisi" linabeba uzito. Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kama wosia halisi mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwa marehemu na sasa hauonekani, mahakama huanza na dhana kwamba aliuharibu mwenyewe kwa makusudi, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Hata pini haifai kung'olewa. Matundu yake yakionekana bila pini, swali litakuja kama kulikuwa na karatasi nyingine iliyochomolewa. Wakili alinionya nisiutoe pini hata kwa ajili ya kuupiga nakala. Wengine huuficha wosia kwenye sanduku la benki lililo kwa jina lao peke yao. Benki inataka mamlaka ndipo ifungue, na karatasi inayotaja mwenye mamlaka iko ndani ya sanduku.

Siku ya kutia saini, mume wangu alikuwa amenisindikiza, na mama mkubwa akapendekeza awe shahidi kwa kuwa yuko hapo hapo. Wakili akakataa. Nilikuwa nimeachiwa kitu kidogo katika wosia ule, na chini ya sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo nchi nyingi ziliiga, shahidi au mwenzi wa shahidi hupoteza alichoachiwa, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Sheria hiyo hiyo inadai mashahidi wawili wawepo kwa pamoja mwenye wosia anapotia saini au kuikiri saini yake. Kupitisha karatasi kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho hakutoshi. Ufaransa wana njia nyingine: wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na saini, hauhitaji shahidi hata mmoja. Na nchini Kanada mwaka 1948 mkulima aliyebanwa na trekta lake alichora kwa kisu kwenye bodi ya trekta kwamba akifa, vyote ni vya mkewe, na mahakama ikaukubali kuwa wosia. Nakitaja kisa hicho kwa heshima ya mtu yule, aliyemkumbuka mkewe katika maumivu yale. Wewe uliyekaa salama una nafasi ya kufuata taratibu za nchi yako, na zinatofautiana kweli kweli, kwa hiyo usinakili wosia wa mtu wa nchi nyingine.

Sasa niseme kuhusu lile ambalo naona watu wengi hawaambiwi: wosia hauendeshi kila kitu. Nyumba iliyosajiliwa kwa majina ya wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwendea aliyebaki moja kwa moja, wosia useme utakavyo. Ikiwa imesajiliwa kwa hisa, kila mmoja anaachia hisa yake. Mume na mke wanaweza kuishi humo miaka thelathini bila kujua wameandikishwa kwa namna ipi. Bima ya maisha na mafao ya pensheni nayo mara nyingi hulipwa kwa jina lililojazwa kwenye fomu ya mnufaika siku ulipoajiriwa au ulipokata bima. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mwanamume aliyefariki miezi michache baada ya talaka, jina la mtalaka wake likiwa bado kwenye fomu za bima na pensheni za mwajiri. Watoto wake wa ndoa ya awali walidai fedha hizo kwa kutegemea sheria ya jimbo lao. Mahakama ilikataa kuitumia sheria hiyo, ikafuata jina lililo kwenye fomu.

Tulipokuwa tunapitia daftari pamoja, mama mkubwa akiwa hai, ndipo tulipoona kwamba fomu ya bima yake bado ina jina la mume wake wa kwanza, mtu ambaye hawakuwa wamezungumza tangu wanawe wakiwa shule ya msingi. Alikuwa amemwondoa kwenye wosia na kwenye maisha yake, akabaki kwenye fomu. Tulikwenda kuibadilisha. Kazi ya asubuhi moja. Ningekuwa na uwezo wa kuwashika watu wote mkono nikawapeleka kufanya jambo moja tu, ningewapeleka kuangalia fomu hizo.

Upo pia mpaka wa uhuru wa kugawa. Katika sheria ya Kiislamu, gharama za mazishi na madeni hutangulia, kisha wasia hauvuki theluthi ya kilichobaki, na kwa madhehebu ya Sunni haumwendei mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja hawezi kumnyima nusu ya mali. Wakiwa wawili ni theluthi mbili, watatu au zaidi ni robo tatu. Anayetaka kumwachia mtu wa nje, au mtoto wa kulelewa kama kaka yetu, aujue kwanza mpaka wa sheria inayomhusu, ndipo apange ndani yake.

Madeni yalinifundisha subira. Mara tu baada ya msiba wa mama mkubwa, mmoja wa wanawe, ambao kwangu ni kaka na dada, aliomba sehemu yake mapema kwa sababu za haki kabisa; alikuwa na mtoto anayeanza masomo. Nilimkatalia, na kwa muda tulikuwa hatutazamani vizuri. Lakini wasii anayegawa kabla ya kujua madeni yote anaweza kulipa kutoka mfukoni mwake mdai akijitokeza. Tulitoa tangazo, tukasubiri. Wakaja wadai wengine wenye hati, na mmoja asiye na hati wala shahidi, ambaye tulimsikiliza na hatukumlipa. Jambo ambalo wafiwa huliogopa bure katika nchi nyingi ni kwamba watoto watabeba deni la mzazi: kwa kawaida deni hulipwa na mali iliyoachwa, na mali ikiisha limeishia hapo, ila kama mtoto alikuwa mdhamini au mkopaji mwenza. Si kila mahali, hata hivyo. Ujerumani mrithi huingia na kwenye madeni, na anayetaka kuukataa urithi ana wiki sita kwa kawaida tangu ajue kwamba amerithi. Kwa hiyo usitie saini ya kupokea chochote ukiwa bado na machozi.

Na ugomvi, ulipotokea, haukuwa wa kiwanja. Ulikuwa wa cherehani. Dada wawili waliitaka, kila mmoja akikumbuka kufundishwa kushona juu yake, na kila mmoja akiamini ameahidiwa. Mama mkubwa alikuwa ameacha barua, tofauti na wosia, akieleza kwa nini cherehani iende kwa mdogo na kwa nini mwanawe mwenye maradhi apate fungu kubwa kuliko wenzake. Aliandika kwa mkono, kwa sauti yake ile ile. Nilipoisoma mbele yao, dada mkubwa alilia, kisha akasema sawa. Sidhani kifungu cha sheria kingemfikisha hapo. Mtu akigawa bila usawa akanyamaza, wanaobaki huujaza ukimya huo kwa dhana zao, na kwa kawaida dhana mbaya ndizo hujaa kwanza.

Mpwa mmoja hakupata alichoachiwa. Wosia ulisema apewe gari, na gari lilikuwa limeuzwa baada ya wosia kuandikwa. Kitu kilichotajwa mahususi kikiwa hakipo siku ya kifo, zawadi hiyo huanguka, wala fedha zake hazimfuati aliyetajwa. Kama unataka mtu apate thamani fulani hata kitu kikiuzwa, sema hivyo. Na useme mabaki yote, yale ambayo hukuyataja, yaende kwa nani. Bila kifungu hicho, kilichosahaulika hugawanywa kama vile hakuna wosia.

Mwaka wa mwisho wa maisha ya mama mkubwa, kumbukumbu zake zilianza kupotea. Hapo ilitusaidia hati ya uwakilishi, aliyoisaini akili ikiwa timamu, iliyompa dada mkubwa mamlaka ya kulipa hospitali na kushughulika na benki kwa niaba yake hata baada ya akili kudhoofika. Hati kama hiyo hufa na mwenye mali. Kuanzia siku ile dada hakuwa na ruhusa ya kutoa hata shilingi kwenye akaunti, na kazi ikahamia kwangu, wosia ulipothibitishwa. Wapo wanaoendelea kutoa fedha kwa kadi ya marehemu ili kugharimia mazishi, kwa nia njema, na baadaye wanaitwa wezi na ndugu zao. Afadhali kuiuliza benki. Nyingine hulipa gharama za mazishi moja kwa moja zikiletewa ankara na cheti cha kifo.

Mimi na mume wangu tumeandika wetu. Kilichotuchelewesha ni watoto: nani awalee tukiondoka wote. Tuliishia kuwatenganisha walezi na mshika fedha, maana shangazi yao ana moyo wa kulea lakini fedha zinampa wasiwasi, na mjomba wao ni kinyume chake. Wote wawili tuliwauliza kwanza. Shangazi alitaka kujua kama atahamia kwetu au watoto watahamia kwake, swali ambalo hatukuwa nalo, na tukaliandikia barua.

Mdogo wangu wa mwisho yeye aliandika wosia akiwa bado hajaoa, na sasa anakaribia kufunga ndoa. Nimemweleza kwamba kwa sheria ya Uingereza, na kwa nyingine zilizoifuata, ndoa huufuta wosia uliotangulia, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo hiyo. Ameshamwomba wakili wake miadi, na mchumba wake amesema atakwenda naye.